Roboti inapotea njia taa zikiwashwa: acha kuzungusha kidude cha bluu

Mkuu uliyeuliza kwa nini roboti yako inafuata mstari vizuri asubuhi halafu jioni ukumbini inachepuka: mota zako ni nzima. Kinachokusumbua ni mwanga. Niko Kigoma, mtaa wa Mwanga, nafundisha vijana kuunda roboti hizi, na hili tunakutana nalo kila tukihama chumba.

Sensa ya TCRT5000, ile ndogo inayotazama mstari chini ya roboti, ina LED inayomulika sakafu kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 950 hivi, kisha fototransista, yaani kipokea mwanga chake, inapokea inayorudi. Kwa bahati mbaya inapokea na isiyo yake. Globu za waya, zile ambazo wafugaji wa hapa huwashia vifaranga, nguvu yake kubwa hutoka kama infraredi. Jua ni baya zaidi. Madirisha ya chumba chetu yanatazama ziwani, magharibi, basi kuanzia saa kumi jioni linaingia kwa ubavu na kupenya hadi chini ya roboti. Balbu nyeupe za LED zina infraredi kidogo sana. Kama uamuzi ni wako, funga hizo.

Nawaona wengi mkishika bisibisi na kuzungusha kile kidude cha bluu cha kurekebishia kwenye moduli (kibao kinachouzwa sensa ikiwa imeshafungwa). Naomba muache. Kinaweka mpaka mmoja tu kati ya nyeupe na nyeusi, na wingu likipita mpaka huo haufai tena.

Badala yake, programu yako isome sensa mara mbili. Zima LED ya sensa, subiri kidogo, soma: huo ni mwanga wa chumba. Washa, subiri mikrosekunde 200 hivi, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mwanga wako mwenyewe uliorudi, na hiyo ndiyo ya kuamulia kama chini ni peupe au peusi. Arduino Uno, kile kibao cha kompyuta ndogo kinachoendesha roboti, hutumia takriban mikrosekunde 100 kwa usomaji mmoja, kwa hiyo yote yanaisha kabla taa ya umeme wetu wa hezi 50, inayopepesa mara 100 kwa sekunde, haijabadilika sana.

Moduli za kununua huwa zimeunganisha LED moja kwa moja kwenye umeme, huwezi kuizima. Nunua sensa tupu. LED moja yenye rezista ya ohm 220 inabebwa na pini ya Arduino. Zikiwa nne au tano weka transista iziwashe na kuzizima badala ya pini.

Angalia jambo moja: kama rezista ya juu (inayounganisha fototransista na volti 5) ni 10k, yaani ohm 10,000, na unasoma karibu na 0 hata LED ikiwa imezimwa, fototransista imeshiba mwanga wa chumba. Hapo kutoa namba moja kwa nyingine hakusaidii, maana hakuna kilichobaki cha kutoa. Shusha rezista hadi 4.7k au chini zaidi, na uikinge sensa.

Kinga yenyewe ni rahisi. Shusha sensa ibaki milimita 3 hivi kutoka sakafuni, izungushie ukuta wa kadibodi nene nyeusi. Plastiki nyeusi ipime kwanza, kwa sababu nyingine hupitisha infraredi kama kioo: iweke mbele ya rimoti ya TV, bonyeza, tazama kwa kamera ya mbele ya simu. Ukiona kinuru cha zambarau, hiyo haifai.

Kwa sensa za kugundua vizuizi, zinazotuma infraredi inayopepesa kwa kilohezi 38, taa za tyubu zenye choki ya kielektroniki zinaweza kuzichanganya. Tuma mawimbi kwa vipande vifupi vyenye mapumziko, usitume mfululizo. Kipokezi huchukulia mfululizo kuwa kelele na kuuziba.

Ukikwama kwenye transista, weka picha ya saketi yako hapa tuiangalie.