Maswali ya Wasomaji: Barakoa ya Kupigia Mbizi kwa Mtu Avaaye Miwani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 47 na nimevaa miwani tangu nikiwa mwanafunzi. Karatasi yangu ya vipimo inaonyesha −3.25 kwa jicho la kulia pamoja na silinda (kipimo cha kasoro ya mpindo wa jicho) ya −0.75, na −4.75 kwa jicho la kushoto pamoja na silinda ya −0.50. Siku hizi nahitaji pia miwani ya kusomea. Ninakaribia kuanza mafunzo ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, na mwenzangu amenishauri nivunje vipini vya miwani yangu ya zamani, kisha niigandishe ndani ya barakoa. Je, hilo ni jambo salama, au ninunue barakoa yenye lenzi za nguvu?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiigandishe miwani hiyo. Ukungu utajikusanya kati ya vioo viwili, mahali ambapo kidole hakifiki, na miwani ikibanduka ukiwa mita 15 chini ya maji utapoteza uwezo wa kuona wakati ule ule unapouhitaji zaidi. Kuivaa ikiwa nzima chini ya barakoa hakufai pia, kwa maana vipini huunyanyua ukingo wa silikoni na kuyapa maji njia ya kuingia.

Anza na barakoa yenyewe kabla ya lenzi, kwa kuwa lenzi iliyo sahihi haitakusaidia kitu ndani ya barakoa inayovuja. Iweke usoni bila kufunga mkanda, hakikisha hakuna nywele zilizonaswa chini ya ukingo, vuta hewa taratibu kwa pua, kisha uiachie: inayokufaa itabaki imeshika uso mpaka utakapotoa hewa. Ni lazima ifunike pua. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa umeshakuwa maradufu ya ule wa juu ya maji, na usipoweza kupuliza hewa kidogo kwa pua ndani ya barakoa, itakubana hadi kuumiza macho. Ndiyo sababu miwani ya kuogelea, hata ile yenye lenzi za nguvu, haifai kwa mbizi. Kioo nacho kiwe kimeimarishwa kwa joto.

Miongoni mwa barakoa zitakazokukaa vizuri, chagua yenye vioo viwili vinavyoweza kutolewa, ambayo mtengenezaji wake huuza lenzi za nguvu za kuvibadili. Lenzi hizo huuzwa moja moja, kwa hiyo tofauti kati ya macho yako mawili si kikwazo. Kwa kawaida hupanda kwa hatua za nusu dayopta (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) na hazina silinda, lakini silinda ndogo kama zako hufidiwa kwa kuongeza nusu yake kwenye nguvu ya lenzi. Kwa jicho lako la kulia tunapata takribani −3.62, na kwa la kushoto takribani −5.00. Namba inapoangukia kati ya hatua mbili, mimi hushauri kushika ile iliyo hafifu zaidi, yaani −3.5 kwa jicho lako la kulia. La kushoto lipewe −5.0, au hata −4.5 kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Sababu hiyo ni umri wako, na ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Nuru hupindika inapotoka majini na kuingia katika hewa iliyo ndani ya barakoa, na kwa hiyo kitu huonekana kikubwa zaidi na karibu zaidi, takribani robo tatu ya umbali wake halisi. Kwa samaki aliye mbele yako hilo ni neema. Kwa geji ya hewa ni mzigo, kwa sababu geji uliyoishika sentimita 60 kutoka machoni huwa kama iko sentimita 45, na jicho la mtu wa miaka 47 lililorekebishwa kikamilifu kwa ajili ya mbali hupata taabu kuisoma. Lenzi iliyo hafifu kidogo humpunguzia taabu hiyo mtu asiyeona mbali. Isipotosha, vipo vipande vidogo vya kukuzia vinavyobandikwa sehemu ya chini ya kioo, mahali jicho linapoelekea unapotazama geji. Kiasi cha hewa kilichobaki mtungini si cha kukisia, kwa hiyo nakuomba ulipime hili kwa uzito kuliko uzuri wa kutazama mbali.

Silinda zako zingekuwa kubwa, ningekuelekeza kwenye lenzi zinazotengenezwa kwa vipimo vyako na kugundishwa kitaalamu kwenye kioo cha barakoa. Hizo huzingatia mhimili (yaani mwelekeo) wa silinda, umbali kati ya mboni, na ukweli kwamba kioo cha barakoa kiko mbali na jicho kuliko miwani. Hili la mwisho huanza kuwa na maana kwa nguvu za dayopta 4 na zaidi. Kwa namba zako, gharama hiyo ya ziada siioni kuwa ya lazima.

Lenzi za kuvaa machoni zinawezekana pia, mradi ziwe laini na uzitupe siku hiyo hiyo. Zile ngumu zisizopitisha hewa huweza kunasa viputo kati yake na jicho wakati wa kupanda. Hata zilizo laini zina hatari yake, kwani majini huishi amiba aina ya Acanthamoeba, anayeweza kuleta maambukizi mabaya ya jicho. Tena katika mafunzo utatakiwa kuivua barakoa chini ya maji, na ukisahau kufumba macho lenzi zinaweza kuondoka. Zungumza na daktari wako wa macho kabla ya kuzichagua.

Ukishanunua, ivae barakoa katika maji ya kina kifupi ukiwa na geji mkononi, na usome namba ndogo kwa jicho moja moja kabla ya somo la kwanza la kina kirefu. Ukiweza, nunua barakoa ya akiba yenye lenzi zile zile, maana ya kwanza ikipasuka mkanda safarini hutapata ya kuazima itakayokuwezesha kuona.