Msitu wa Amani kwa watoto wa darasa la tatu: anza na chupa mbili

Ukiwapeleka watoto wadogo msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, usifungue kwa hotuba ya "tutunze misitu". Wimbo huo wanaujua. Wataitikia "ndiyo mwalimu" huku macho yakitafuta kinyonga.

Siku moja kabla ya safari, fanyeni jaribio uwanjani shuleni. Laza chupa mbili za plastiki za lita 1.5, kisha mtu mzima akate dirisha ubavuni, kutoka begani hadi karibu na kitako. Tia udongo uleule katika zote mbili, wenye unyevu kidogo, uushindilie kwa kiganja hadi usawa wa ukingo wa chini wa mdomo. Ukizidi hapo, udongo utamwagika wenyewe. Ukipungua, maji yatatuama ndani na watoto watasubiri bure. Chupa moja iache wazi. Nyingine ifunike kwa majani makavu na mboji ya chini ya mwembe, unene wa vidole viwili. Inua vitako kwa vipande vya tofali, weka bilauri chini ya kila mdomo, halafu nyunyizia kila chupa nusu lita ya maji kwa kopo lililotobolewa kwa msumari.

Wengi huharibia hapa: wanamimina kwa kikombe, majani yanasombwa, bilauri zote mbili zinajaa tope. Ukinyunyizia taratibu, chupa ya wazi hutoa upesi maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ya majani hutoa machache, safi zaidi, na huendelea kudondosha. Waulize wangechagua kunywa yapi (na uzishike bilauri, maana hakosi wa kujaribu). Ndipo utaje mto Zigi, unaoteremka kutoka milima hiyo hadi bwawa la Mabayani, na mabomba ya Tanga mjini.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, hivyo hakuna kuchuma wala kubeba kitu. Ndiyo sababu majani ya jaribio yatoke shuleni. Omba kibali mapema, na uepuke masika, Machi hadi Mei, njia zinapoteleza. Watoto 40 wakipanga mstari mmoja kwenye njia nyembamba, wa nyuma hawasikii neno. Wagawe wanane wanane, kila kundi na mtu mzima na kamba ya mita 4 yenye fundo kila mita. Kagua kwanza kama kuna siafu au upupu, kisha kamba ifanywe mraba chini. Kwa dakika 20 wahesabu aina za majani ya miche iliyomo, bila kudai majina. Rudieni zoezi hilo kando ya barabara. Tofauti wataisema wenyewe.

Somo gumu liache mwisho: si kila mti ni rafiki wa msitu huu. Mti uitwao Maesopsis eminii uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, ukasambaa na kushika nafasi zilizoachwa wazi na miti iliyokatwa. Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, hula matunda yake na kuangusha mbegu mbali. Mtoto akiuliza, "Sasa tumfukuze hondohondo?" usimjibu wewe, waachie wenzake wabishane.