Kabla Hujanunua Koili Nne

Maswali ya safari hii ni mengi, na karibu nusu yake yanauliza kitu kimoja: "Fundi, ninunue spea gani?" Nimechukua matano.

Fundi, IST yangu inamisi nikipanda mlima na taa ya injini imewaka. Nimeambiwa nibadilishe koili zote nne na plagi nne. Mshahara wenyewe ni wa ualimu. Nifanyeje? (Mwalimu, Mafinga)

Mwalimu, shikamoo. Hela ibaki mfukoni kwanza. Koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa kuwasha petroli, na koili nne hazifi siku moja. Inakufa moja, na aliyekutajia nne hajui ni ipi.

Peleka gari lisomwe kwa mashine. Ikitoka kodi (namba ya hitilafu) P0302, silinda ya pili ndiyo inamisi, yaani haichomi petroli sawasawa. Tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda, na unahesabu kuanzia upande wa mkanda. Sasa fungua kava la plastiki juu ya injini. Koili zimepangana mstari, kila moja imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Ya silinda ya pili ihamie ya tatu, ya tatu ije ya pili. Kodi ifutwe, uzunguke na gari mpaka limisi tena, kisha lisomwe upya. Kodi ikigeuka P0303, ugonjwa umehama pamoja na koili, nunua hiyo moja tu. Ikibaki P0302, koili haina kosa, rudia mchezo huohuo kwa plagi.

Plagi usiziguse injini ikiwa ya moto. Soketi ni ya 16, na wakati wa kurudisha anza kwa vidole mpaka igome, ndipo ushike spana. Kichwa cha injini ni alumini; uzi ukiharibika, utatamani ungenunua hizo koili nne. Plagi nayo ikionekana nzima, basi ni nozeli (inayopuliza petroli) au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), hiyo niachie mimi.

Angalizo moja: vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyosoma kwa simu hukataa kuzungumza na Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Kikikataa kwako, usidhani gari limekufa. Tafuta gereji yenye mashine kubwa.

Gari lilichemsha, fundi akatoa tamostati akasema huku kwetu kuna baridi, haina kazi. Kweli halichemshi tena, ila linakunywa mafuta. (Dereva, Tukuyu)

Ndugu yangu, baridi ndiyo sababu ya kuhitaji tamostati! Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Za Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, asubuhi ya Juni injini inatembea ikiwa baridi kilomita kwa kilomita. Kompyuta ya gari inaona baridi, inaongeza petroli. Unalipia kituoni kila siku kitu ulichokwepa kununua mara moja.

Kama tamostati ya zamani bado unayo, ipime mwenyewe. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji (si ile ya ugali, tafadhali), uwashe jiko. Maji yakikaribia kuchemka inatakiwa uione ikiachia mdomo. Usisubiri ifunguke yote, maana Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Ikikaa imefumba hata maji yakitokota, itupe.

Hizo nyuzi 94 ndizo zinazonifanya niangalie mfuniko wa rejeta kabla ya rejeta yenyewe. Ule umeandikwa 0.9 au 1.1, ni kiasi cha presha unachoshikilia, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, huku milimani utachemsha mapema kuliko mtu wa Dar. Injini ikiwa imepoa kabisa, ufungue uangalie mpira. Ukiwa umepasuka, nunua mwingine wenye namba ileile. Nimeona watu wakibadilisha rejeta nzima kwa kosa la mfuniko. Na weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya bomba; maji matupu yanaleta kutu.

Nikienda sokoni Mwanjelwa nasema "spea ya IST", napewa kitu hakiingii. (Kijana, Uyole)

Kwa sababu "IST" si jina kamili. Soma namba ya chesisi. Ikianza NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500, NCP65 ni cc 1500 inayovuta magurudumu manne, na miguu yake ya nyuma ni tofauti kabisa. Bodi ni ileile, spea si zilezile. Piga picha namba hiyo, iweke kwenye simu. Halafu chomoa ile mbovu uende nayo dukani, hata ikikuchafua mfuko.

Ya mtumba kutoka Japani nunua bila woga kama ni taa, kioo, mlango, bampa, hata alteneta ukiipima kabla ya kulipa. Shokapu ya mtumba ni kamari. Pedi za breki, filta na mkanda wa taimingi, mpya tu.

Giaboksi ya Vitz yangu imepungua oili, niongeze hidroliki ya kawaida? (Makambako)

Hapana. Vitz nyingi za cc 1000 na 1300 za kuanzia 2005 ni CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia), zina oili yake. Fungua kitabu cha gari au soma kijiti cha kupimia. Ukikosea hapa, ni giaboksi nzima.

Mwanangu fundi, naweza kubadilisha pedi za mbele mwenyewe? Huwa nashuka mlima Kitonga. (Mama, Iringa)

Shikamoo mama. Unaweza, lakini mara ya kwanza awepo anayejua. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishe. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu yananyonya unyevu: DOT 3 (aina mojawapo ya mafuta hayo) ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka hadi 140. Kitonga, kwa mtu anayekanyaga breki mwanzo mwisho, nyuzi hizo zinafika. Shuka na gia ndogo.

Pistoni ukishairudisha ndani ili pedi mpya ziingie, kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka pedali iwe ngumu. Mimi mara ya kwanza nilisahau. Nilikuwa Rungwe, ukweni, nikawasha gari kwa madaha, pedali ikaenda hadi sakafuni, nikasimama ndani ya migomba ya mama mkwe.