Ubingwa, mshahara na furaha: majibu kwa maswali yenu

Nimemaliza mafunzo kazini ya udaktari, sasa nachagua ubingwa, na moyo wangu uko kwa watoto. Wenzangu wanasema nitakufa maskini, bora niende upasuaji wa mifupa. Nifanyeje?

Mdogo wangu, kwenye umaskini wametia chumvi, ila tofauti ya kipato ipo. Katika nchi nyingi bingwa wa mifupa analipwa vizuri kuliko wa watoto, kwa sababu mifumo ya malipo huithamini kazi ya mikono kuliko muda wa kusikiliza. Kubadilisha nyonga kuna bei yake. Nusu saa ya kumtuliza mama na kumbembeleza mtoto akubali kuangaliwa masikio huandikwa tu kwamba mgonjwa ameonwa.

Hata hivyo, usichague kwa mshahara, wala kwa ile siku moja ya kesi ya kusisimua. Kaa idara zote mbili siku za kawaida. Wa mifupa anasimama saa nyingi na kuamshwa usiku wa manane kwa majeruhi, lakini anaifunga skrubu na picha ya eksirei inamwonyesha hapo hapo kwamba mfupa umekaa. Wa watoto anashinda na mafua na kuhara, na siku mtoto akifariki, ni yeye anayekaa na wazazi. Jiulize ni uchovu upi unaoweza kuamka nao kwa miaka 30. Ukishaujua, ubingwa wako umeupata.

Kwa hiyo ni kweli pesa haileti furaha?

Si kweli, na wanaowaambia hivyo madaktari wenye madeni wanawaonea. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba nchini Marekani furaha ya kila siku iliacha kupanda kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akaonyesha mwaka 2021 kwamba inaendelea kupanda. Mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth, pamoja na Barbara Mellers, walizipitia takwimu upya: kwa watu wengi inapanda, ila kwa ile asilimia 20 hivi yenye huzuni zaidi, nyongeza inaacha kusaidia kwenye dola 100,000 hivi. Kwa hiyo dai haki yako ya malipo bila aibu. Lakini kama kazi inakuumiza, nyongeza haitakutibu.

Nalipwa vizuri, ila siku hizi nikiona foleni ya wagonjwa naona kero. Niache kazi?

Usiache bado. Kuchoka kabisa, kuwa baridi kwa wagonjwa na kujiona hufai ni dalili tatu za uchovu wa kazi alizozieleza mwanasaikolojia Christina Maslach tangu miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali hiyo kuwa tatizo la kazini, si ugonjwa. Basi anza na ratiba. Utafiti wa mwaka 2009 kwa madaktari wa hospitali ya kufundishia ulikuta kwamba waliotumia walau asilimia 20 ya muda wao kwenye kazi waipendayo zaidi walikuwa na uchovu huo karibu nusu ya wenzao. Hiyo ni siku moja kwa wiki. Iombe, hata kwa kukatwa mshahara kidogo. Ila kama umeanza kuwaza kufa, mwone daktari leo.

Mume wangu ni bingwa, anafanya hospitali mbili na kliniki ya jioni. Anasema ni kwa ajili yetu.

Naamini anasema kweli, dada. Kaeni na kalamu, muandike kiasi mnachohitaji na mwezi ambao kliniki ya jioni itafungwa. Akikataa kutaja mwezi, mwulize anaogopa nini, kisha umsikilize mpaka amalize.