"Fervent" si bidii ya kazi

Mwaka niliomaliza chuo niliandika barua ya kuomba kazi, na katikati nikaweka: "I am a fervent worker." Nilitaka kusema mimi ni mchapakazi. Kamusi ilinipa "-enye bidii", nikaiamini. Siku ya usaili mama mmoja aliyekuwa kwenye jopo alilipigia mstari neno lile, akanigeuzia karatasi. "Hapa, mwanangu, ulikusudia nini?" Nilikosa jibu.

Sasa ni mfasiri, na jibu ninalo. Neno hili limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini, fervere, yaani kuchemka. Tazama sufuria ya maharage jikoni, kifuniko kinavyogongagonga na povu kumwagikia mkaa. Ndivyo moyo ulivyo hapo. Kwa hiyo fervent huambatana na kile mtu anachokiamini, anachokitumaini, anachokiombea au anachokishabikia: fervent believer, fervent hope, fervent prayer, fervent supporter. Fundi anayefika kazini saa moja asubuhi kila siku ni hardworking, basi. Na usomapo haraka, angalia usilichanganye na frequent. Nimewahi kukuta "fervent prayer" imegeuzwa "maombi ya mara kwa mara".

Ukilileta kwenye Kiswahili, usitafute neno moja la kulibeba kila mahali. Tazama Biblia ya Union. Katika Warumi 12:11 tunasoma "mkiwa na juhudi katika roho zenu", lakini kwenye Matendo 18:25 Apolo anaelezwa kwamba "roho yake ilikuwa ikimwaka". Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile, nacho maana yake ni kuchemka, na Kiingereza cha King James kimeweka fervent kote kuwili. Mimi napenda ile ya Apolo. Juhudi naiona imepoa kidogo, ila "ikimwaka" unausikia moto wenyewe.

Kwenye siasa tunalo neno letu, na ni zuri mno: mkereketwa. Koo likikukereketa hutulii mpaka ukohoe, na mkereketwa wa chama naye hatulii mpaka aseme. Kwenye mpira ni shabiki lialia au shabiki kindakindaki. Yote hayo ni fervent supporter. Chagua kulingana na uwanja.

Linalonisumbua zaidi ni fervent hope. Mkono hukimbilia "ni matumaini yangu makubwa", na kwenye barua za ofisi haina ubaya. Lakini niliwahi kutafsiri barua ya baba aliyekuwa akimtafuta mwanawe aliyepotea. Aliandika: "It is my fervent hope that he is alive." Nikaweka matumaini makubwa, nikaisoma kwa sauti, nikaona ni maneno ya hotuba, si ya mzazi. Nikafuta. Nikaandika: "Namwomba Mungu usiku na mchana awe hai."