Kabla hujalipia ditekta ya dhahabu, igonge kwanza

Vijana wengi wanaoanza kupima dhahabu Chunya, Geita au Kahama kwa ditekta, yaani mashine inayolia ikipita juu ya madini, wakifika dukani humuuliza muuzaji: "Inashuka futi ngapi?" Swali hilo halijibiki dukani. Kina hutegemea ukubwa wa punje, aina ya koili (ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi) na udongo wenyewe, na udongo wetu mwekundu wenye chuma nyingi unaizonga hata mashine ya bei kubwa. Unachoweza kukihakiki palepale kwa macho na mikono yako ni ubora wa kuundwa kwake.

Anza na koili, maana ndiyo inayoteseka kuliko kiungo kingine chochote: inasuguana na mawe, inagonga visiki, inalowa umande. Ndani yake kuna waya wa shaba uliozungushwa, na kwenye koili nzuri waya huo umeshikizwa kwa gundi ngumu usicheze hata kidogo. Itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagongana ndani, rudisha.

Kisha omba iwashwe, mbali na mabati na nyaya za umeme, simu zote zikiwa zimezimwa. Weka usikivu wa kati, nyanyua koili juu ya sakafu, halafu igonge kwa kiganja ubavuni na juu. Mashine iliyoundwa vizuri hubaki na mvumo wake uleule. Inayolia kila ikiguswa itakuchimbisha mashimo matupu, na baada ya muda hutaiamini hata inapolia kweli. Mimi kipimo hiki nakithamini kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Waya wa koili huwahi kufa sehemu mbili: unapoingia kwenye koili na unapoingia kwenye plagi. Upinde taratibu hapo huku ukisikiliza. Sauti ikikatika au ikiruka, nyuzi za ndani zimeshaanza kukatika. Waya uviringwe kwenye mpini ukakaza, kwa sababu ukining'inia wenyewe huzua kelele za uongo.

Tazama pia masikio ya koili, pale bolti inapopita. Nyufa huanzia hapo. Usishangae kuona bolti ni ya plastiki. Imefanywa hivyo makusudi, maana ya chuma ingeiliza mashine muda wote. Hakikisha tu washa (pete) zake za mpira zipo, la sivyo koili italegea na kuinama ukiwa kazini.

Mpini unyooshe hadi mwisho, funga vibano, kisha jaribu kuupindua kushoto na kulia. Ukicheza kidogo karibu na mkono, kule chini koili itayumba sana. Vaa na kishikilia mkono, upepete, yaani uipitishe mashine kushoto na kulia, kwa dakika kadhaa. Uzito peke yake si kasoro. Ditekta ya Minelab iitwayo GPZ 7000 inapita kilo 3 na watu wanaibeba siku nzima, ila iwe imetulia mkononi.

Fungua sehemu ya betri. Ukungu wa kijani kwenye vibati maana yake maji yamewahi kuingia. Muuzaji akisema haipitishi maji, muulize: koili tu, au mashine nzima? Alama ya IP67, kwa mfano, maana yake kifaa huvumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, lakini koili inaweza kuvumilia maji wakati boksi la umeme halivumilii hata mvua.

Kuhusu feki, kuweni macho sana. Minelab ya Australia imelalamika hadharani kwamba mashine zake zinaghushiwa, na GPX 5000 ni miongoni mwa zilizoigwa mno. Kwa nje zinafanana. Linganisha namba ya mashine na ile ya kwenye boksi, kisha mpigie wakala anayetambuliwa na kampuni aihakiki, na namba ya simu ya wakala uitafute mwenyewe, usipewe na muuzaji.

Mwisho, nenda na punje yako ndogo ya dhahabu. Toka nje na mashine, tafuta udongo usio na misumari, ifukie punje kina cha vidole viwili au vitatu na upepete mara nyingi ukitoka pande zote. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, ondoka na pesa yako.