Kura kumi kati ya kumi na mbili: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Sisi wazima, na mama yako anauliza kama baridi ya Portland imepungua.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema umepata wito wa kukaa kwenye jopo la raia 12 watakaosikiliza kesi ya jinai, na mfanyakazi mwenzako akakwambia kwamba hapo Oregon, hadi juzijuzi, watu 10 wakisema mshtakiwa ana hatia alikuwa anafungwa hata kama wawili wamekataa. Ukaniuliza mambo mawili. Iliwezekanaje, ilhali haki za mshtakiwa zimo kwenye Katiba ya Marekani tangu karne ya 18? Na ukijikuta peke yako dhidi ya kumi na mmoja, uwafuate?

Nianze na la kwanza, maana ndilo refu.

Wengi hudhani haki hizo ziliandikwa na serikali kuu, kisha zikateremka majimboni. Zilianzia majimboni. Tarehe 12 Juni 1776, wiki tatu kabla ya Tamko la Uhuru, Virginia ilipitisha Tamko lake la Haki, ambalo sehemu kubwa ni kazi ya George Mason, mwanasiasa wa huko. Kifungu cha 8 kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa anashtakiwa kwa lipi, kukutanishwa na wanaomshtaki pamoja na mashahidi wao, kuleta ushahidi wa kumtetea, na kusikilizwa bila kucheleweshwa mbele ya watu 12 wa eneo lake wasio na upendeleo. Asilazimishwe kujitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Na wale 12 wasipokubaliana wote, asitiwe hatiani.

Hilo la mwisho litazame vizuri. Lilikuwepo mwaka 1776, limeandikwa waziwazi. Ukifungua Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, hulikuti. Yanataja jopo lisilo na upendeleo, basi. Idadi ya kura hayaigusi. Ukimya huo ulikuja kuisaidia Oregon baadaye.

Kwa nini watu wale waliandika kwa undani kiasi hicho? Mimi naamini ni kwa sababu walijiona wenyewe kizimbani. Walikuwa waasi. Mfalme wa Uingereza angeshinda vita, wangeshtakiwa kwa uhaini. Tayari Bunge la Uingereza lilikuwa limezungumzia kuwasafirisha washtakiwa wa makoloni kuvuka bahari wakahukumiwe huko, mbali na mashahidi wao na majirani wanaowafahamu. Ndiyo maana ya maneno yale "wa eneo lake". Hayakuwekwa kwa kupamba sheria.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Huyo Mason alimiliki watumwa, na mtumwa aliyeshtakiwa Virginia hakupewa jopo la raia hata mmoja. Alikuwa na mahakama yake ya pembeni, ya mahakimu peke yao. Haki iliandikwa kwa ajili ya yule ambaye mwandishi aliweza kujifananisha naye, na ukiishika hoja hiyo utayaelewa mengi yaliyofuata.

Virginia haikumtaja wakili. Enzi hizo Uingereza, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji au wizi mkubwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumtetea kikamilifu. Ruhusa hiyo ilipatikana mwaka 1836. New Jersey, Pennsylvania na Maryland ziliiandika haki ya wakili mwaka uleule wa 1776. Massachusetts, katika katiba ya 1780 ambayo rasimu yake aliiandika John Adams, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Marekani, ilitaka mashtaka yaelezwe kikamilifu na waziwazi, na mshtakiwa aonane na mashahidi uso kwa uso. New Hampshire mwaka 1784 ikazuia aliyeachiwa huru kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. Kila jimbo lilichukua kwa mwenzake na kuongeza la kwake.

Sasa kuna jambo ambalo hata wanaoishi huko wengi hawalijui. Mwaka 1833, katika kesi ya Barron dhidi ya Baltimore, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema Marekebisho yale ya 1791 yanaifunga serikali kuu tu. Kwa hiyo aliyekamatwa kwa wizi Ohio au Georgia alikuwa na ngao moja, katiba ya jimbo lake. Hali ikaenda hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanayoyakataza majimbo kumnyima mtu uhuru wake bila kufuata utaratibu wa sheria, yalifungua mlango, lakini haki nyingi za mshtakiwa zilikuja kuyabana majimbo katika miaka ya 1960.

Katika kipindi hicho yapo majimbo yaliyotangulia mbali. Wisconsin, mwaka 1859: mtu maskini anashtakiwa, jaji anampangia wakili, kesi inakwisha, wakili anadai ujira wake, kaunti inakataa kulipa. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kaunti ilipe. Ilisema ni kama kumdhihaki fukara kumhakikishia kesi ya haki kwenye katiba, halafu siku ya kesi kumwambia atafute wakili kwa pesa yake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyalazimisha majimbo yote kumpa maskini wakili katika kesi kubwa za jinai mwaka 1963, kwenye kesi ya Gideon. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo katikati. Mimi niliyewaona watu wakijibu mashtaka mazito bila mtu wa kuwasemea, hukumu ile ya Wisconsin naiheshimu sana.

Na sasa Oregon. Haki za mshtakiwa hazikuwa zikiongezeka tu, mwanangu. Zilipunguzwa pia, tena ndani ya katiba zenyewe.

Louisiana ndiyo iliyotangulia. Mkutano wake wa katiba wa 1898 uliitishwa kwa lengo lililotamkwa hadharani la kuimarisha utawala wa Wazungu. Kuwafungia Weusi nje ya majopo kwa sheria ya wazi kulikuwa kumeshakatazwa na Katiba ya Marekani. Wakatafuta njia ya kuzunguka: kwa makosa mengi mazito, kura 9 kati ya 12 zikatosha kumtia mtu hatiani. Mweusi mmoja au wawili wakiingia kwenye jopo, wakae, waseme, wapige kura, na kura yao isibadilishe kitu. Baadaye, katika katiba ya miaka ya 1970, idadi ikapandishwa hadi 10.

Oregon ilifuata mwaka 1934. Mwaka uliotangulia, Jacob Silverman, Myahudi, alishtakiwa kwa mauaji. Watu 11 walitaka kumtia hatiani kwa mauaji, mmoja akagoma, wakaishia kwenye kosa dogo zaidi la kuua bila kukusudia. Magazeti yakawaka. Gazeti kubwa la Portland lilitupia lawama wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya, kwamba hawajazoea mfumo wa majopo. Mwezi Mei 1934 wapiga kura wakabadilisha katiba ya jimbo: kura 10 zitoshe, isipokuwa kwa mauaji ya daraja la kwanza. Hapo mwandishi wa sheria hakujiona tena kizimbani. Aliyemwona ni mgeni.

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki Oregon. Ikapita karibu nusu karne. Wapiga kura wa Louisiana walirekebisha katiba yao Novemba 2018, lakini kwa makosa ya kuanzia 2019 tu. Aprili 2020, katika kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana, Mahakama ya Juu ikaugeuza msimamo wake: kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa, wote lazima wakubaliane, jimbo lolote lile. Evangelisto Ramos alikuwa amefungwa maisha kwa kura 10 dhidi ya 2. Kesi yake iliposikilizwa upya mwaka 2023, aliachiwa huru.

Hukumu hiyo haikuwafikia waliokwisha kumaliza rufaa zao. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema haiwarudii. Jimbo lako ndilo lililokwenda mbele zaidi. Mwishoni mwa 2022 Mahakama ya Juu ya Oregon iliamua kwamba na hao pia wana haki ya hukumu zao kufutwa. Louisiana ilikataa. Kwa hiyo watu wawili waliofungwa kwa kura zilezile 10, mwaka uleule, majimbo tofauti, mmoja anarudi mahakamani na mwingine anabaki gerezani. Hilo linaniuma, na sioni namna ya kulitetea.

Swali lako la pili. Hapa kwetu wazee wa baraza wakiketi na jaji wa Mahakama Kuu hutoa maoni, na jaji hafungwi nayo. Wewe huko utakuwa unaamua. Wasikilize wenzako mpaka mwisho, waulize ni ushahidi upi uliowashawishi, nawe waeleze wako ni upi. Wakikuonyesha jambo ambalo hukuliona, badilika bila aibu. Wakikwambia tu muda umekwenda, watu wana watoto wa kuwachukua shule, usibadilike. Lafudhi yako isikunyamazishe. Sheria ile ya 1934 ilitungwa kwa kuwahofia watu waliofika kutoka mbali kama wewe.

Jambo la mwisho, mwanangu: kesi ikianza usinipigie kunisimulia. Jaji atawakataza kuizungumza na mtu yeyote, na baba yako ni mmoja wa hao. Ikiisha, nitakusikiliza usiku kucha.

Baba yako